Kadi Isiyofanya Kitu

Juzi msomaji mmoja aliniuliza swali la kawaida tu: ana kompyuta ya zamani, ana diski sita, na matundu ya SATA yaliyo kwenye kompyuta hayatoshi. Anunue kadi gani ya kuongezea? Nilianza kumjibu kwa mistari mitatu, nikafuta. Nikaandika mingine mitatu, nikafuta tena. Ukweli ni kwamba swali hilo mimi nililijibu vibaya mara ya kwanza, na kosa langu likamfikia mtu asiyejua hata kadi yenyewe ni kitu gani. Kwa hivyo wacha nilijibu hapa vizuri, na wengine mfaidike.

Kwanza niwaambie diski zangu zimebeba nini.

Baba yangu alikuwa mpiga picha. Alifungua studio Kitale mwaka wa 1986 na akaifunga 2011, wakati kila mtu alipokuwa amepata simu yenye kamera. Kwa hiyo miaka 25 alipiga picha za vitambulisho, za ubatizo, za wanafunzi wakimaliza darasa la nane, za harusi na za mazishi. Baadaye akanunua kamera ya video, na harusi za wilaya nzima zikawa zinapita mikononi mwake. Alipofunga alibaki na maboksi ya negativi na tepu, yote kwenye chumba cha nyuma chenye paa linalovuja.

Mwaka wa 2020, ofisi yetu ilipofungwa kwa sababu ya korona, nilirudi nyumbani na skana. Nilichukua karibu miaka miwili, jioni na wikendi. Negativi elfu thelathini hivi, kila moja ikitoa faili la megabaiti 46 au zaidi kidogo. Tepu mia nne za saa moja moja, na saa moja ya video ya mtindo wa DV hula gigabaiti 13. Ukijumlisha unapata terabaiti sita na nusu na ushee. Nyingi ya zile negativi zilikuwa zimeota ukungu, zinashikana kama maandazi ya jana. Nilizoweza kuskani nikaskani, halafu nikamwambia Baba, "Hizi sasa choma, ziko salama kwa kompyuta." Akazichoma. Kumbukeni maneno hayo, kwa sababu ni yangu.

Kwa nini mtu ahangaike na picha za watu wengine? Kwa sababu wanazihitaji. Huku kwetu mtu akifariki, familia huchapisha kile kijitabu cha ibada ya mazishi, na kwenye jalada lazima iwe picha. Si kila mzee ana picha nzuri. Basi watu huja kwa Baba: "Mzee, ulimpiga mama picha mwaka fulani, unayo bado?" Baba hunipigia simu, mimi natafuta, natuma. Amekuwa akifanya hivyo bila kutoza hata shilingi.

Sasa kosa langu. Seva yangu ya kwanza ilikuwa na diski nne za terabaiti tatu, na nilizifunga kwenye kadi ya RAID niliyonunua ikiwa imeshatumika, iliyotolewa kwenye seva ya ofisi fulani. Ilikuwa kadi ya kifahari, yenye kumbukumbu yake na betri yake. Unaiambia itengeneze RAID 5, nayo inachanganya diski nne na kuionyesha kompyuta diski moja kubwa. Mimi nina shahada ya sayansi ya kompyuta, nimesoma mambo ya RAID na nikapita mtihani, nikaona hapa sasa nimefanya kazi ya kitaalamu.

Mwezi wa Aprili 2023, usiku wa mvua, stima ikapotea, ikarudi kwa kishindo, ikapotea tena. Asubuhi kompyuta iliwaka vizuri. Kadi haikuwaka. Diski zote nne zilikuwa nzima kabisa. Nilizichomeka moja moja kwenye kompyuta nyingine na zikazunguka kama kawaida. Lakini hakukuwa na faili hata moja la kusoma. Ramani ya jinsi data ilivyogawanywa, kipande gani kiko diski gani na kwa mpangilio upi, ilikuwa imeandikwa kwa mtindo wa kiwanda cha kadi ile. Mwenye ufunguo alikuwa kadi, na kadi imekufa. Wapo mafundi wanaoweza kukisia mpangilio huo na kuujenga upya kwa programu. Mimi sikuthubutu, maana nilikuwa sina nakala nyingine. Ndiyo, mpanga programu mzima, bila bakapu. Chekeni tu.

Wiki hiyo hiyo Baba akanipigia simu. Kuna bwana mmoja amefiwa na mama yake, na picha pekee nzuri ya yule mama ilipigwa studio mwaka wa 1991, amevaa gauni la maua. Maziko ni Ijumaa ya wiki inayofuata.

Nikamwambia Baba, "Seva imeharibika."

"Itatengenezwa lini?"

"Sijui, Baba. Natafuta kipuri."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ulisema ziko salama kwa kompyuta."

Nilipata kadi kama ile ile baada ya siku 23, kwa mfanyabiashara mmoja wa Nairobi aliyeiagiza kutoka Dubai, kwa shilingi 14,000. Nilipoichomeka ilizitambua diski, ikauliza kama ichukue mpangilio ilioukuta, nikabonyeza ndiyo huku vidole vinatetemeka, na kila kitu kikarudi. Picha ya yule mama ilikuwepo. Lakini kijitabu kilikuwa kimeshachapishwa kwa picha iliyokatwa kutoka kwenye kikundi cha wanawake kanisani, sura ndogo iliyokuzwa hadi ikawa ukungu. Baba alichapisha ile ya gauni la maua na kumpelekea yule bwana nyumbani kwake. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, akasema asante. Hakulaumu. Ni afadhali angelaumu.

Haya, ndipo nilipokaa chini kuchagua kadi upya. Safari hii nilianza na swali tofauti. Badala ya kuuliza kadi gani ina uwezo mkubwa, niliuliza: kadi hii ikifa leo usiku, kesho nitasoma faili zangu kwa kutumia nini?

Swali hilo peke yake linatupa nje kadi zote za RAID. Kazi ya kuchanganya diski niliikabidhi programu, kwa upande wangu ZFS, iliyotengenezwa Sun Microsystems na kufunguliwa kwa umma mwaka wa 2005. Siku hizi inafanya kazi vizuri kwenye Linux. ZFS huandika ramani yake ndani ya diski zenyewe, na kompyuta yoyote yenye ZFS inaweza kuisoma. Pia kila kipande cha data hukiwekea namba ya kukagulia, ili diski ikirudisha kitu kilichoharibika ijulikane ni diski ipi imedanganya, na kipande kitengenezwe upya kutoka kwa nyingine. Lakini ili iweze kufanya hivyo lazima izione diski moja moja, bila pazia. Kadi ya RAID ndiyo pazia.

Fundi mmoja alinishauri, "Si uiambie kadi itengeneze RAID 0 ya diski moja moja?" Inawezekana, lakini usifanye. Kadi bado inaandika alama zake kwenye diski, na mara nyingi inaficha taarifa za afya, zile za SMART, zinazokuonya kwamba diski inaanza kuchoka. Umeondoa pazia zito ukaweka jepesi.

Kinachotakiwa ni kadi ambayo haifanyi kitu. Inapokea diski upande mmoja, inazionyesha upande wa pili jinsi zilivyo. Kwa lugha ya watu wa seva inaitwa HBA. Nilizipima aina tatu.

1. Kadi za SATA za bei ya chini zenye matundu mengi, nane au kumi. Hizi zinavutia, lakini ukichunguza unakuta chipu yenyewe ina matundu machache, na mengine yamepatikana kwa kugawanya tundu moja kwa kigawanyi. Diski zote zilizo nyuma ya kigawanyi hupita mlango mmoja, na moja ikikwama huweza kuzikwamisha jirani zake. Kadi nyingine hutumia njia moja tu ya PCI Express 2.0, yaani megabaiti 500 kwa sekunde kwa jumla. Diski sita zikisoma pamoja, kila moja megabaiti 150, zinahitaji 900. Kwa kutazama picha kupitia mtandao wa nyumbani hutaona tofauti, kwa kuwa mtandao wa gigabiti moja wenyewe haupiti megabaiti 125 kwa sekunde. Utaiona siku unapojenga upya diski iliyokufa, na siku hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kuongeza saa.

2. Kadi za chipu ya ASM1166. Hizi ni za SATA, matundu sita ya kweli, njia mbili za PCI Express 3.0. Zinakula umeme kidogo, hazihitaji kuchezewa chochote. Kama diski zako ni nne au sita na huna mpango wa kuongeza, na hasa kama unajali bili ya stima, ningekwambia uchukue hii na uende ukalale.

3. Kadi za SAS zilizotolewa kwenye seva za zamani. Kadi ya SAS hupokea diski za SATA bila shida, ila kadi ya SATA haipokei diski ya SAS. Familia maarufu ni ile ya chipu ya SAS2008: LSI 9211-8i, IBM M1015, Dell H200 na H310 zote zina chipu hiyo hiyo ndani, majina tu ndiyo tofauti. Diski nane, njia nane za PCI Express 2.0, yaani megabaiti 4,000 kwa sekunde. Dreva yake iko ndani ya Linux tayari. Zipo mpya zaidi, kama 9300-8i, lakini kwa diski za kuzunguka utakuwa unalipia kasi ambayo diski zenyewe hazina.

Nilichukua ya tatu, kwa sababu mbili. Nilitaka nafasi ya diski nane, na nilijua chipu hii imezagaa kila mahali. Ikifa, nitapata nyingine, na hata nisipopata, data haiitegemei.

Nikaenda Luthuli. Muuzaji wa kwanza akanionyesha kadi safi, shilingi 1,500 tu. "Bosi, hii ni ya seva, haifi." Nikasoma maandishi kwenye chipu kwa tochi ya simu: SAS1068E. Hiyo ni ya kizazi cha nyuma na haioni zaidi ya terabaiti mbili kwa diski, na mimi nina za tatu. Nikashukuru nikaenda. Duka la tatu nikapata ya SAS2008, shilingi 4,500, na muuzaji akakubali niirudishe ndani ya wiki ikinikataa. Ushauri wangu hapa: soma chipu, usisome boksi. Na kama unanunua mtandaoni, jihadhari na kadi inayodaiwa kuwa mpya kabisa kwa bei ya mtumba, kwa kuwa za kughushi zipo.

Kadi hizi huja na programu ya ndani ya aina mbili. Ile ya IR inafanya RAID kidogo, ile ya IT haifanyi kitu, inapitisha tu. Tunataka IT. Kuibadilisha kunafanywa kwa programu inayoitwa sas2flash, ukiwa umewasha kompyuta kwa flashi ya USB. Si kazi ngumu, ila ina mambo matatu ya kushika. Kabla ya kuanza, nakili ile namba ndefu ya SAS iliyo kwenye kibandiko cha kadi, maana utaihitaji kuirudisha. Ukishafuta programu ya zamani usizime wala kuwasha upya kompyuta mpaka uandike mpya. Na fanya kazi hiyo ukiwa na UPS, jamani. Mimi nilikuwa nimeshapata somo langu la stima.

Usidhani basi mambo yalinyooka. Kompyuta ilikataa kuwaka kadi ikiwa ndani. Skrini nyeusi, feni zinazunguka. Hili linajulikana: baadhi ya madabodi za kompyuta za kawaida haziivani na pini mbili za kadi hizi, B5 na B6, ambazo hutumika kwa mawasiliano ya usimamizi wa seva. Dawa yake ni kipande cha selotepu. Unazifunika pini hizo mbili tu, unarudisha kadi, kompyuta inawaka. Nilikata selotepu kwa wembe kwa nusu saa nzima, nikihesabu pini kama mtu anayechambua mchele.

Ikawaka, lakini hakuna diski hata moja. Nikakagua kila kitu, nikashuku programu ya ndani, nikashuku chipu. Kumbe ni kebo. Kebo hizi zina kichwa kimoja kipana upande wa kadi, kinachoitwa SFF-8087, na mikia minne ya SATA upande wa diski. Zipo za aina mbili zinazofanana kama mapacha: moja hutoa kutoka kadi kwenda diski nne, nyingine ni ya kinyume, kutoka matundu manne ya madabodi kwenda kwenye fremu ya diski. Ukichomeka ya kinyume hakuna kinachoungua, na hakuna kinachofanya kazi. Nilirudi Luthuli kwa basi la saa kumi na mbili asubuhi. Muuliza muuzaji kabla ya kulipa: hii ni ya kutoka kadi kwenda diski?

La mwisho ni joto. Kadi hizi zilitengenezwa kwa seva zenye feni zinazovuma kama ndege. Ndani ya boksi la kawaida hewa haipiti juu yake, na kile chuma cha kupozea hufika mahali huwezi kukigusa. Nilinunua feni ndogo ya shilingi 300, nikaifunga juu yake kwa vitanzi vya plastiki. Sura yake mbaya, lakini kadi ni ya vuguvugu tu.

Kabla ya kuzifuta diski za zamani nilinakili kila kitu kwenye diski ya nje ya terabaiti nane. Halafu nikaongeza diski mbili, nikatengeneza RAID-Z2 ya diski sita, inayovumilia diski mbili kufa kwa wakati mmoja, na nikarudisha mafaili. Ile diski ya nje sasa inakaa kwa dada yangu Eldoret, na kila baada ya miezi miwili inabadilishana na mwenzake. RAID ya aina yoyote haikukingi na moto, mwizi au mtu anayebonyeza kufuta.

Nilisema nitaamini nikiona, na nikataka Baba aone pia. Alipokuja Nairobi nilizima seva mbele yake, nikang'oa ile kadi nikaiweka mezani. Nikachukua diski sita, nikaziingiza kwenye kompyuta ya rafiki yangu yenye matundu sita ya SATA ya kawaida, bila kujali ipi inaingia wapi. Nikawasha, nikaandika amri moja, zpool import, nikaitaja kwa jina nililoipa: studio. Ikaja. Kutoka kung'oa hadi kufungua picha, dakika kumi na moja. Mara ya kwanza zilikuwa siku 23.

Baba alikuwa ameishika ile kadi, anaigeuzageuza, anatazama selotepu yangu na feni iliyofungwa kwa plastiki.

"Kwa hivyo hii haifanyi kitu?"

"Haifanyi kitu, Baba. Ndiyo maana nimeinunua."

"Elfu nne na mia tano?"

"Elfu nne na mia tano."

Akacheka, akairudisha mezani. Kisha akaniambia nifungue picha za 1991. Tulikaa mpaka usiku, yeye akitaja majina, mimi nikiandika chini ya kila picha. Hilo la majina bado sijalimaliza, na hakuna kadi ya kunisaidia nalo.

Kwa hiyo, ndugu uliyeuliza: kama diski zako hazitazidi sita, chukua ASM1166. Ukitaka nafasi zaidi na huogopi selotepu, chukua SAS2008 yenye IT. Na ukishafunga kila kitu, kabla ya kuweka faili la maana, ing'oe kadi kwa makusudi uone kama bado unaweza kusoma. Mengine tutaongea. Kila la kheri.